Keki za Vikombe Zinazovuka Feri: Jibu kwa Mama wa Likoni

Swali: Mwalimu wa mwanangu, aliye PP2 (mwaka wa pili wa chekechea) katika shule moja ya Tudor, kisiwani Mombasa, ameniomba nioke keki za vikombe 40 za sherehe ya kufunga muhula mwanzoni mwa Aprili. Ninaishi Likoni, ng'ambo ya feri, na sina gari. Huvuka kwa feri kisha nikapanda tuktuk. Mara iliyopita nilizipanga kwenye sinia, nikazifunika kwa foili, na zilipofika krimu ilikuwa imeteremka, nyingine zimegongana, na vikombe vya karatasi vimebanduka. Je, kosa lilikuwa la kubeba, la krimu au la kuoka? Na je, itafaa zilale kwenye friji? Mama wa watoto wawili, Likoni.

Jibu: Dada, madhara matatu uliyoyaeleza yalitoka sehemu tatu tofauti, na moja tu ndilo la njiani. Karatasi zilibanduka kwa jambo lililofanyika jikoni baada ya kuoka. Krimu iliteremka kwa sababu ya mafuta uliyoitengenezea. Kugongana peke yake ndiko kulikotokea safarini. Nalitanguliza hili kwa kuwa karibu kila anayeniuliza habari za kusafirisha keki huanza na boksi, ilhali boksi ni la kufikiriwa mwisho. Hapa kwetu Mombasa keki hufika au haifiki kutegemea kile kilichopakwa juu yake, na hilo huamuliwa siku moja kabla ya kutoka nyumbani.

Siagi ya maziwa huyeyuka ikifika nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, na hulegea kabla ya hapo. Mwezi Machi, na hata siku za mwanzo za Aprili, joto la mchana mjini kwetu hufika nyuzi 32 au 33 kivulini, mbali na lile la ndani ya chombo kilichofunikwa ambacho jua limekipiga. Maana yake ni kwamba krimu ya siagi tupu, hata ikipigwa kwa ufundi wa namna gani, inatoka nyumbani ikiwa tayari ukingoni mwa kuyeyuka. Mapishi mengi tunayoyafuata yameandikwa Uingereza au Marekani, na yanaposema siagi iwe ya joto la chumba, chumba hicho kina nyuzi 20 au 21. Chumba chako cha Likoni saa sita mchana hakijawahi kuwa hivyo, na hakuna dosari yoyote katika mkono wako ikiwa krimu ya mapishi hayo imekukataa.

Dawa ni kubadilisha mafuta. Yale mafuta meupe mazito ya kupikia yanayouzwa kwa mkebe, kama Kimbo, husimama katika joto ambalo siagi imekwisha kuwa maji. Tena siagi ina maji ndani yake, kiasi cha asilimia 16, ilhali mafuta meupe ni mafuta matupu, na uchache huo wa maji nao huisaidia krimu kusimama. Kwa keki zako 40 chukua gramu 125 za siagi au majarini, gramu 125 za mafuta meupe, na gramu 500 za sukari ya aisingi (ile laini kama unga) iliyochekechwa. Piga mafuta yote pamoja mpaka yawe mororo, kisha tia sukari kwa mafungu, pamoja na vijiko viwili vya mezani vya maziwa ya unga, chumvi ya kudokoa kwa ncha za vidole, na vanila. Maziwa ya maji yasizidi kijiko kimoja, na uyatie tu ikiwa krimu inakatika katika. Watu wengi huharibu hapa kwa kuongeza maziwa ili krimu ilainike upesi, kisha wakashangaa inapoteremka. Chumvi na vanila si mapambo, kwa sababu mafuta meupe hayana ladha yake yenyewe na huacha utando mdomoni. Bila vitu hivyo viwili watoto watalamba sukari na kuacha keki.

Ikiwa siku ya sherehe inaonekana itakuwa kali kuliko kawaida, punguza siagi iwe robo ya mafuta yote na mafuta meupe yawe robo tatu. Utapoteza utamu kidogo na kupata utulivu mwingi, na kwa watoto wa miaka mitano mimi ningeukubali mpango huo bila kusita. Kabla ya kuipaka, ijaribu: weka kijiko kimoja cha krimu kwenye kisahani, kiache kivulini kando ya dirisha wakati wa mchana kwa muda ule ule ambao safari yako huchukua tangu mlangoni hadi darasani, kisha urudi uitazame. Ikiwa kingo zake bado zimesimama, itasafiri. Ikiwa imetanda na kung'aa, ongeza sukari au mafuta meupe ujaribu tena. Jaribio hili halina gharama, nalo linakwambia kuhusu jikoni kwako na hali yako ya hewa kile ambacho hakuna mwandishi wa mapishi anayeweza kukwambia.

Sasa nije kwenye umbo, na hapa nina maoni makali. Ule mnara wa krimu unaozungushwa kwa mfuko wa kukamulia, tunaouona kwenye picha, haukubuniwa kwa ajili ya mtu anayevuka Likoni. Kila keki ya namna hiyo hubeba gramu 40 au 50 za krimu, ikawa nzito juu na nyembamba chini, na tuktuk ikiruka tuta moja tu keki inalala ubavu. Zaidi ya hayo, mtoto wa PP2 hulamba ncha, akashiba, na sehemu iliyobaki ikaishia kwenye sare ya shule. Paka krimu iwe tambarare kwa kisu cha mezani, kijiko kimoja cha mezani kilichojaa kidogo kwa kila keki, yaani kama gramu 20. Ndiyo maana vipimo nilivyokupa hapo juu vinakutosha. Ukitaka pambo, chora mistari kwa uma au nyunyiza shanga ndogo laini za sukari za rangi.

Kuna hila moja ambayo naitegemea kuliko nyingine zote. Unapomimina mchanganyiko kwenye vikombe vya karatasi, usijaze theluthi mbili kama ilivyo desturi; jaza nusu tu, au zaidi yake kidogo sana. Keki itaumuka na kukoma chini ya ukingo wa karatasi, ikiacha nafasi ya upana wa kidole kimoja hivi. Krimu utaipaka ndani ya nafasi hiyo, isawazike na ukingo au ipungue kidogo. Ukingo wa karatasi sasa unailinda krimu pande zote: keki mbili zikisogeleana, karatasi hugusa karatasi na krimu haiguswi, na hata kifuniko cha boksi kikishuka kidogo hakigusi kitu. Ndiyo, keki itaonekana ndogo, na huenda jirani akasema umebania unga. Mwache aseme, kisha mwombe akuoneshe zake zilivyofika.

Ikiwa huna mapenzi na krimu ya mafuta, au unaogopa bado, zipo njia mbili ambazo haziyeyuki. Ya kwanza ni aisingi ya maji: gramu 200 za sukari ya aisingi na vijiko viwili vya mezani vya maji ya limau au maji ya kawaida, ikorogwe iwe nzito kama uji wa mtoto, ipakwe, kisha iachwe ikauke. Hukauka ikafanya gamba, na gamba hilo halijali jua. Tatizo lake kwetu ni unyevu wa hewa, kwani aisingi ambayo penginepo hukauka kwa saa moja, hapa inaweza kukaa usiku kucha bado inanata, kwa hiyo iache chini ya feni. Ya pili ni ya pwani hasa: pasha jemu ilegee, ipake juu ya keki kwa brashi au kwa mgongo wa kijiko, kisha chovya uso wa keki kwenye nazi kavu iliyokaangwa kidogo bila mafuta mpaka ikawa ya rangi ya dhahabu. Nazi iliyokunwa mbichi usiitumie kwa safari, kwa sababu huchacha upesi katika joto, na mwenye pua jikoni anajua huanza kunuka kabla haijaonekana kubadilika. Chokoleti ya vipande iliyoyeyushwa na kupakwa juu isikuvutie, maana huyeyuka karibu na joto la mwili wa mtu, na vidole arubaini vya chokoleti kwenye kuta za darasa si jambo ambalo mwalimu atalisahau.

Kuhusu usalama, krimu ya maziwa mabichi iliyopigwa, jibini laini na kastadi usizitumie kabisa katika safari hii. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kinachoharibika upesi kisikae zaidi ya saa mbili nje ya friji, na kihifadhiwe chini ya nyuzi 5 au juu ya nyuzi 60. Ukihesabu kupanga foleni ya feri, kuvuka, kungoja tuktuk, hotuba ya mwalimu mkuu na dua, saa mbili zimekwisha kabla mtoto wa kwanza hajanawa mikono. Krimu niliyokupa ni salama kwa muda huo kwa kuwa sukari yake ni nyingi mno kulinganisha na maji yake, na vijidudu haviwezi kukua pasipo maji yaliyo huru.

Umeuliza kama zilale kwenye friji. Jibu langu ni hapana kwa keki na ndiyo kwa krimu, na sababu zake zinafaa kuelezwa. Keki ikikaa kwenye friji hukakamaa upesi kuliko ikikaa mezani, kwa kuwa wanga uliomo ndani yake hujikaza haraka zaidi katika baridi ya friji. Hiyo ni hasara ya kwanza. Ya pili huonekana pale unapoitoa: hewa ya Mombasa imejaa unyevu, na kitu cha baridi kinapokutana nayo hutoka jasho, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye barafu. Jasho hilo hukaa juu ya krimu, huyeyusha sukari, na kama umetia rangi, rangi hutiririka, bluu ikaingia kwenye nyekundu. Mama mmoja akiona hivyo hudhani krimu imeyeyuka kwa joto, akarudisha keki kwenye friji, na akiitoa jasho likazidi.

Kwa hiyo mpango ninaokupendekezea, nao kwa hali yako ya feri na tuktuk naona ndio bora kuliko wowote, ni kutenganisha. Keki zisafiri tupu, bila chochote juu yake, na krimu isafiri peke yake kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, iliyopozwa kwenye friji usiku kucha. Lifunge kopo hilo ndani ya taulo pamoja na chupa moja ya nusu lita ya maji iliyogandishwa, uliweke kwenye mfuko wake. Ukifika shuleni, lile kopo lisifunguliwe mpaka ubaridi umepungua, kisha koroga krimu kwa kijiko imara irudi kuwa mororo, na upake. Keki 40 za kupakwa tambarare kwa kisu si kazi ya kutisha, na mkipaka wawili mtamaliza kabla darasa halijapangwa viti. Keki tupu zinaweza kugongana, kulaliana, hata kupinduka, na bado zikapendeza, kwa sababu kasoro zote zitafunikwa mbele ya macho yako. Jambo moja tu linahitajika, nalo ni kumpigia mwalimu simu mapema umwombe meza moja kivulini na mahali pa kunawa mikono. Umeme ukipotea usiku ule na friji isigandishe, krimu haitaharibika. Itakuwa laini tu, na utaikoroga muda mfupi zaidi.

Najua wapo ambao hawapendi kufika mbele za watu na kazi ambayo haijakamilika. Wakitaka kupaka nyumbani, basi wafuate hila ya nusu kikombe, wapake asubuhi ile ile, na wazibebe bila kuzipitisha kwenye friji.

Karatasi kubanduka ni jambo la mvuke. Keki ikitoka jikoni hubaki na mvuke ndani yake kwa muda mrefu, na ukiiacha kwenye trei ya kuokea, au ukiifunika ingali na uvuguvugu, mvuke huo hukosa pa kutokea ukaingia kati ya keki na karatasi, gundi ya asili iliyowashikanisha ikalegea. Foili uliyofunika ilifanya kazi hiyo vizuri sana. Zitoe keki kwenye trei dakika tano baada ya kuziepua, ziweke juu ya wavu wa oveni uliouinua kwa vikombe viwili ili hewa ipite chini, na uwashe feni. Katika joto letu hupoa polepole, kwa hivyo usiamini mkono unaogusa juu tu. Shika sehemu ya chini ya keki, na kama kuna hata chembe ya joto, subiri. Keki ambayo haikuiva sawasawa katikati nayo hubandua karatasi kwa sababu ina maji mengi, basi choma kijiti katikati na kitoke kikavu. Na ukinunua vikombe vya karatasi, usichague vile vyembamba vinavyopitisha mwanga.

Unapoziacha zipoe usiku, wakumbuke sisimizi. Nyumba ya Mombasa isiyo na sisimizi mimi sijaiona, na ukiamka asubuhi ukakuta mstari mweusi umepanda meza, hakuna krimu itakayookoa hali hiyo. Weka wavu juu ya bakuli lililopinduliwa ndani ya sinia yenye maji kidogo, na zikipoa zifunike kwa kitambaa chepesi mpaka wakati wa kuzipanga.

Sasa boksi. Keki moja ya kawaida na krimu yake ina uzito wa gramu 80 hivi, kwa hiyo keki zako 40 ni kilo tatu na kitu, mzigo ambao mtoto wa darasa la sita anaweza kuubeba. Kinachosumbua ni ukubwa wake na kule kutaka uwe sawa wakati wote. Chombo bora cha kubebea unacho tayari: ile trei ya kuokea yenye mashimo 12. Ioshe, ikaushe, rudisha kila keki kwenye shimo lake, na hakuna keki itakayomgusa mwenzake hata dereva afunge breki za ghafla. Juu yake pindua kifuniko cha kartoni kilichokatwa kiasi cha kuzidi urefu wa keki, ukifunge kwa tepu pembeni.

Kama una trei mbili tu, zile 24 zimekwisha kupata nafasi, na zilizobaki zitengenezee boksi. Tafuta kartoni safi yenye kina cha sentimita 10 hivi. Kata kipande kingine cha kartoni kinachoingia ndani yake sawasawa, kipe miguu ya sentimita tatu kwa kukunja kingo zake, kisha pima nafasi za keki kwa glasi. Usikate duara, kata msalaba wenye urefu kama wa upana wa kitako cha kikombe, kiasi cha sentimita tano, na usukume keki katikati ya msalaba. Zile pembe nne za kartoni zitafunguka na kuikumbatia keki kwa nguvu yake yenyewe, na utaona duara kamili halishiki hivyo, kwa kuwa likizidi kidogo keki inacheza na likipungua karatasi inakunjamana. Kartoni iliyokuwa na sabuni ya unga au viungo iepuke, maana mafuta ya keki hunyonya harufu usiku mmoja tu. Trei za mayai pia, ingawa zina vishimo vinavyovutia, ziache kando. Zimebeba maganda machafu ya mayai mabichi, na uchafu huo unaweza kuwa na vijidudu vinavyoharisha watoto. Maduka ya vifaa vya kuokea yaliyoko mjini huuza maboksi ya keki 6 na 12 yenye kishikizo ndani, na kama mfuko unaruhusu, yanunue, uyahifadhi kwa muhula ujao.

Ukishafunga maboksi, yafunge kwa leso, yaani khanga. Tandaza leso, weka boksi katikati, funga ncha mbili zinazotazamana kwa fundo juu, kisha zile nyingine mbili. Utapata mpini uliolingana katikati ya uzito, na boksi litaning'inia sawa bila kuinamia upande. Mifuko ya nailoni imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na ile ya kitambaa inayouzwa madukani kwa kawaida ina kitako chembamba kinachofanya boksi lisimame kwa ubavu. Leso inashinda yote mawili. Maboksi mawili yanaweza kupandana ndani ya leso moja ikiwa kifuniko cha chini ni kigumu, lakini matatu usithubutu.

Njiani, saa ya kuondoka ina uzito kuliko mwendo. Asubuhi feri inayoelekea kisiwani hujaa watu wanaokwenda kazini, na lango likifunguliwa mmiminiko wake hautazami mwenye keki. Ikiwa sherehe ni ya saa nne au saa tano, usiingie katika msongamano wa saa moja asubuhi. Na ukifika wakati banda la kungojea limejaa, acha feri hiyo iondoke usubiri inayofuata, usimame pembeni karibu na ukuta na sio katikati. Kwenye mteremko wa kuingilia, ambao mara nyingi umelowa, acha kushika mpini wa leso. Beba boksi kwa mikono yote miwili chini yake, ukilegemeza kwenye tumbo, kwa kuwa mtu anayeteremka huku mzigo unaning'inia mkononi hujikuta anaubembeza bila kujua. Ukiweza kumpata kijana wa nyumbani akusindikize mpaka ng'ambo, kila mmoja abebe fungu lake.

Upande wa kisiwani, chagua tuktuk kwa makini zaidi kuliko unavyochagua siku ya kawaida. Injini ya tuktuk iko nyuma, chini ya kiti cha abiria, na ile nafasi ya mizigo iliyo nyuma ya kiti ipo juu yake, kwa hiyo dereva akikwambia kwa ukarimu uweke maboksi kule nyuma, mshukuru na ukatae. Kiti chenyewe nacho kimeinamia nyuma, na keki zilizowekwa kiti kizima safari yote zitaegemea upande mmoja. Mahali pake ni sakafuni, mbele ya miguu yako, ambapo ni tambarare na kuna kivuli. Tandika kitambaa kilicholowanishwa na kukamuliwa ili boksi lisiteleze, kisha libane kwa miguu yako pande mbili. Kaa upande usiopigwa na jua. Mwambie dereva tangu mwanzo kuwa umebeba keki za watoto na kwamba huna haraka, na mkubaliane bei kwa msingi huo, kwa sababu dereva anayewahi abiria mwingine hatakumbuka matuta. Kutoka feri mpaka Tudor atataka kupita Barabara ya Digo, na karibu na soko la Marikiti utakutana na mikokoteni na msongamano; kusimama kivulini hakuna dhara kwa keki, kusimama juani kuna dhara. Bodaboda sitaizungumzia. Na ukilazimika kupanda matatu, usikubali heshima ya kupewa kiti cha mbele, kwa kuwa katika nyingi za gari hizo injini iko chini yake hasa na sakafu yake huchoma nyayo; kaa safu ya katikati, na ikiwezekana ulipie kiti cha pili ili maboksi yasipakatwe na mtu usiyemjua.

Darasani, maboksi yasiwekwe kwenye kingo za madirisha wala juu ya meza iliyo juani, hata kama ndipo patakapoonekana vizuri kwenye picha. Omba ofisi ya walimu au kona yenye kivuli, yaachwe yamefungwa hadi dakika ya kupaka.

Mengine ni ya mwalimu na wewe kabla ya siku hiyo. Muulize kama kuna mtoto anayedhuriwa na njugu, maziwa au mayai, kwa sababu darasa la watoto 40 haliwezi kuachwa kwa kubahatisha, na ukiambiwa yupo wa njugu usitumie siagi ya njugu wala karanga jikoni siku hiyo. Angalia mapambo ya peremende na mashimelo: mengi hutengenezwa kwa jelatini, na asili ya jelatini hiyo inaweza kuwa nguruwe; kwa hiyo katika shule ya mjini kwetu, yenye watoto wa Kiislamu wengi, nunua tu kile kilichoandikwa halali, au uache kabisa na utumie nazi. Vijiti vya meno, shanga ngumu za fedha na peremende za mviringo zisiwepo juu ya keki ya mtoto wa miaka mitano, kwani humkwama kooni. Oka keki 44 badala ya 40, ili mwalimu, msaidizi wake na askari wa langoni wapate, na kuwe na moja ya kumpa yule atakayeiangusha yake.

Limebaki suala la mvua, kwa kuwa mwanzo wa Aprili masika yanaweza kuwa yameanza. Leso hailindi kitu mvua ikinyesha, na kartoni ikiloa chini huachia keki zote kwa mpigo mmoja. Tandika karatasi nene ya plastiki, kama ile ya kufunikia meza, juu ya leso kabla ya kuweka boksi, uikunje juu yake kabla ya kufunga mafundo, na uchague tuktuk yenye mapazia ya pembeni yanayofungika. Mvua ikikukuta upande wa Likoni kabla hujavuka, ngoja bandani ipungue. Mpigie mwalimu, mwambie umechelewa kwa sababu ya mvua, naye atawaweka watoto kwenye nyimbo mpaka ufike.